Kiwanja cha Pwani na Fungu la Mjane: Fikira juu ya Kijiji cha Lamalera, Indonesia





Matangazo ya biashara ya ardhi yamevuka mipaka yote ya nchi. Mtu mwenye fedha, popote alipo, anaalikwa kujipatia kiwanja katika kijiji cha pwani kilicho mbali na miji, na nchi ya Indonesia hutajwa mara nyingi katika mialiko hiyo. Maneno yake ni yale yale: ardhi ni rahisi, bahari ni safi, watu ni wapole, na bei itapanda. Msomaji huachwa aamini kwamba huko mbali kuna mali iliyolala tu, ikimngoja mwenye akili aje kuiamsha.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeona yafaa kulitazama jambo hili kwa jicho la imani. Neno «matarajio» lina mwenyewe. Mnunuzi anatarajia faida. Je, mvuvi anayeishi pale anatarajia nini? Je, mjane wake, na mtoto wake aliye shuleni, watabaki na nini baada ya bei kupanda? Swali hilo halimo katika tangazo, nalo ndilo swali letu.

Tumechagua kijiji kimoja ili tusizungumze hewani. Kijiji hicho ni Lamalera, katika kisiwa cha Lembata, mkoa wa Nusa Tenggara Timur. Tumekichagua kwa sababu ni kijiji cha ndugu zetu Wakatoliki, ndani ya Jimbo la Larantuka, katika nchi ambayo walio wengi ni Waislamu. Tena watu wa visiwa vile si wageni kwetu kabisa. Mapadre wa Shirika la Neno la Mungu waliozaliwa Flores na visiwa jirani wanahudumu katika parokia za Tanzania na Kenya. Wao wamekuja kututumikia. Si vibaya nasi tukijua habari za kwao.

KIJIJI CHENYEWE

Lembata iko mashariki ya Flores, baada ya visiwa vya Solor na Adonara. Lamalera iko upande wa kusini, ikitazama Bahari ya Savu, juu ya mteremko wa mawe mahali ambapo ardhi ya kulima ni haba sana. Kwa hiyo watu wake wameishi kwa bahari. Huwinda nyangumi wakubwa wenye meno, taa wakubwa na samaki wengine, kwa mashua za mbao zilizoungwa kwa vigingi vya mti pasipo misumari ya chuma. Mashua hiyo huitwa téna kwa lugha yao, yaani Kilamaholot. Mpiga chusa, aitwaye lamafa, husimama juu ya jukwaa la mianzi lililo mbele ya mashua, na saa ikifika huruka yeye mwenyewe pamoja na chusa lake ili uzito wa mwili uongeze nguvu ya pigo. Wengi wameumia kwa kazi hiyo, na wengine hawakurudi.

Ubatizo wa kwanza ulifanyika huko mwaka 1886. Hata leo mwanzo wa msimu wa bahari ni jambo la Kanisa. Mwishoni mwa Aprili watu huwaombea marehemu waliochukuliwa na bahari, na tarehe 1 Mei huadhimishwa Misa ya kubariki mashua, ndipo msimu hufunguliwa.

Lililotuvutia zaidi ni mgawo. Nyangumi akiletwa ufukoni, hana mwenyewe mmoja. Mashua ni mali ya kikundi cha ukoo, na kila sehemu ya mnyama ina fungu lake linalojulikana: mabaharia, mpiga chusa, fundi aliyeunda mashua, mhunzi aliyefua chuma cha chusa, na wenye hisa wa mashua hata kama siku ile hawakwenda baharini. Kutoka mikononi mwao nyama hushuka tena kwa ndugu na majirani, nao wajane na yatima hawasahauliki. Halafu wanawake hubeba nyama kavu na samaki vichwani, wakapanda milimani kwenda kubadilishana na wakulima kwa mahindi, ndizi na mihogo. Katika soko la Wulandoni, lililo jirani, biashara hiyo ya kubadilishana vitu imeendelea hadi nyakati zetu.

Wako wanaopinga uwindaji wenyewe, nasi hatulidharau wazo lao, kwa kuwa viumbe vya Mungu si vyetu kuvimaliza. Taa wakubwa wamehifadhiwa kwa sheria ya Indonesia tangu mwaka 2014, na jambo hilo limewagusa wavuvi wa Lamalera moja kwa moja. Leo hatulijadili kwa urefu. Twataka kuangalia jambo lililo chini yake, yaani maana ya kumiliki.

MGENI ALIYEKARIBISHWA BILA KUNUNUA

Mapokeo ya Walamalera yasema kwamba wao wenyewe ni wageni. Wazee wao walitoka mbali, wakapita kisiwa hadi kisiwa, wakafukuzwa na gharika, mwisho wakafika ufuko huu na kuwakuta wenyeji. Wenyeji hao waliwapa mahali pa kukaa. Hadi leo koo za wenye ardhi wa asili zina heshima yake: hufanya ibada ya kuomba msimu mwema, nazo hupewa fungu lao maalumu nyangumi apatikanapo.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Mgeni alipewa ardhi, lakini deni lake halikuisha siku ile. Limeendelea kizazi baada ya kizazi, na ndilo linalowaunganisha. Aliyetoa ardhi hakuwa masikini kwa sababu ya kutoa, wala aliyepokea hakuwa bwana kwa sababu ya kupokea.

Mauzo ya siku hizi hufanya kinyume chake. Fedha hulipwa mara moja, karatasi hutiwa sahihi, na tangu hapo hakuna anayemdai mwenzake kitu. Mwuzaji hula fedha zile kwa mwaka mmoja au miwili. Mnunuzi hujenga ukuta. Mjukuu wa mwuzaji akipita njia aliyopita babu yake kwenda kuvuta mashua, huulizwa na mlinzi: wewe ni nani? Wahenga walisema, «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Mgeni wa namna hii huja, naye mwenyeji huugua.

KARATASI NA ARDHI

Sheria ya Indonesia yasemaje? Wakati wa Wadachi, sheria ya mwaka 1870 iliweka kanuni kwamba ardhi yoyote ambayo mtu hawezi kuthibitisha umilikaji wake ni mali ya dola. Kwa kanuni hiyo maeneo mapana yaligeuzwa mashamba ya makampuni. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Msingi ya Ardhi, Na. 5 ya mwaka 1960, nayo ina mambo mema. Yasema kwamba kila haki ya ardhi ina wajibu kwa jamii. Yasema kwamba haki ya juu kabisa, iitwayo hak milik, ni ya raia wa Indonesia tu. Yatambua pia ardhi ya jumuiya ya kimila, iitwayo hak ulayat; lakini hapo inaongeza sharti, kwamba itambuliwe maadamu bado ipo kweli na haipingani na masilahi ya taifa. Katika sharti hilo dogo wengi wamepotea. Kwa maana ni nani anayeamua kwamba jumuiya ya kimila bado ipo? Na ni nani anayeamua masilahi ya taifa ni yapi?

Mgeni wa nchi nyingine aweza kupata haki ya kutumia kwa muda, lakini hawezi kumiliki. Hata hivyo wako wanaopita mlango wa nyuma. Hutafuta raia, wakaandika ardhi kwa jina lake, kisha wakafanya naye mkataba wa siri kwamba mwenye mali hasa ni yule mgeni. Sheria ile ya 1960 imeliona jambo hili: mauzo ya kumpa mgeni umilikaji, yawe ya wazi au ya kuzunguka, ni batili, ardhi huangukia mikononi mwa dola, na fedha zilizokwisha kulipwa hazirudi. Hapo tangazo la kiwanja rahisi huwa mtego kwa watu watatu: aliyeuza, aliyeazima jina lake, na aliyenunua.

Lakini tusidhani kwamba hatari yote hutoka ng'ambo. Raia tajiri wa Jakarta au Surabaya haguswi na katazo hilo. Kanuni ya mwaka 1961 ilikataza mtu kumiliki shamba katika wilaya asikokaa, ila mara nyingi imebaki kwenye kitabu. Mvuvi wa Lembata anapokutana na mfanyabiashara wa mjini mwenye wakili, dalali na marafiki ofisini, uraia wao ni mmoja lakini nguvu zao si moja.

Wengine watasema: basi kila mtu apewe cheti chake, na shida itakwisha. Methali yetu yasema, «Mali bila daftari hupotea bila habari,» nasi hatuipingi. Serikali ya Indonesia imefanya juhudi kubwa tangu mwaka 2017 kupima ardhi kijiji baada ya kijiji na kutoa vyeti. Cheti humkinga mjane asinyang'anywe na shemeji zake. Cheti humwezesha kijana kukopa benki. Hayo ni mema. Lakini cheti cha mtu mmoja mmoja ni mlango wenye pande mbili. Ardhi iliyokuwa haiuziki bila idhini ya ukoo, sasa yaweza kuuzwa na mtu mmoja, katika usiku mmoja wa shida, kwa ajili ya ada ya shule au gharama za hospitali. Akishindwa kulipa mkopo, benki huchukua. Tena fundi mpimaji hupima nyumba na shamba. Ufuko wa kuvutia mashua, njia ya kwenda kisimani, na mahali pa kugawia nyangumi hapimi, maana si pa mtu. Na pasipo pa mtu, kesho huonekana kuwa pa yeyote.

Wala hatutaki kuisifu mila kupita kiasi. Katika koo za Kilamaholot ardhi hufuata ukoo wa baba. Binti haridhi kama kaka yake. Mzee wa ukoo aweza kuuza ardhi ya wote kwa sahihi yake peke yake, na hilo limetokea pengi katika visiwa vile. Mila isiyochunguzwa yaweza kuwa dalali wa kwanza.

YALIYOTOKEA KWA JIRANI

Anayetaka kujua kesho ya Lembata aende Labuan Bajo, upande wa magharibi wa Flores. Palikuwa bandari ya wavuvi. Karibu yake pana visiwa vya Komodo, hifadhi ya taifa tangu 1980 na urithi wa dunia tangu 1991. Serikali iliuchagua mji huo kuwa mmoja wa vituo vikuu vya utalii vya nchi. Uwanja wa ndege ukapanuliwa, hoteli zikapanda ufukoni, na Mei 2023 wakuu wa nchi za Asia ya Kusini-Mashariki walifanya mkutano wao pale. Wako waliopata kazi, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini ardhi ya ufukoni imeponyoka mikono ya wenyeji, kesi za viwanja zimejaa, na mvuvi amezoea kuona bahari kupitia uwazi kati ya kuta. Mwezi Agosti 2022, serikali ilipotaka kupandisha kiingilio cha hifadhi hadi rupia 3,750,000, watu wa mji waligoma, wakisema kwamba watalii wa kawaida watafukuzwa na riziki itabaki kwa wakubwa. Mpango ule uliahirishwa.

Katika kisiwa cha Sumba mambo yalifika kwenye damu. Mwezi Aprili 2018, katika pwani ya Marosi, wanakijiji walipinga upimaji wa ardhi iliyodaiwa na kampuni ya utalii. Polisi walikuwapo. Mkulima mmoja alipigwa risasi akafa. Hakufa vitani, wala hakuwa mwizi. Alifia mahali ambapo tangazo lingeandika: ardhi rahisi, watu wapole.

BAHARI NAYO YAKATWA VIWANJA

Kwa kijiji kama Lamalera, kunyang'anywa bahari ni kubaya kuliko kunyang'anywa ardhi. Mwaka 2007 Indonesia ilitunga sheria ya pwani na visiwa vidogo iliyoruhusu watu na makampuni kupewa haki ya maji ya pwani kwa miaka 20, haki ambayo ingeweza kuuzwa na kuwekwa rehani. Vyama vya wavuvi na watetezi wao walikwenda Mahakama ya Katiba. Mwezi Juni 2011 Mahakama iliifuta haki hiyo, ikaona kwamba inapingana na Katiba, ambayo katika kifungu cha 33 yataka ardhi, maji na utajiri wake vitumike kwa ustawi mkubwa wa wananchi. Ulikuwa ushindi wa wadogo, nao ulipatikana kwa sababu walikwenda pamoja.

Lakini ushindi wa mahakamani haulindi ufuko usiku. Mwezi Januari 2025, katika pwani ya Tangerang karibu na Jakarta, taifa zima lilishtuka kuona uzio wa mianzi wenye urefu wa kilomita 30 hivi umesimikwa baharini, na wavuvi wakilazimika kuzunguka mbali kufika kwenye samaki. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba vyeti vya ardhi zaidi ya mia mbili vilikuwa vimetolewa juu ya maji. Wanajeshi na wavuvi wakaung'oa uzio, na vyeti vikaanza kufutwa. Kama hayo yalifanyika mlangoni pa mji mkuu, mbele ya macho ya wakubwa wote, kisiwa cha mbali kitasalimikaje?

Na tusisahau kwamba pwani ile ina mwenye nguvu kuliko wanunuzi wote. Mwaka 1979 sehemu ya mlima ilianguka baharini upande wa kusini wa Lembata, penye kijiji cha Waiteba, na mawimbi yaliua mamia ya watu. Tarehe 12 Desemba 1992 tetemeko na tsunami viliua watu zaidi ya 2,000 katika Flores na visiwa vyake. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Seroja kilileta mafuriko na maporomoko Lembata na Adonara. Novemba 2024 mlima Lewotobi ulilipuka usiku upande wa mashariki wa Flores, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtawa. Sheria imeagiza kwamba ukanda usiopungua mita 100 kutoka mstari wa maji makuu ulindwe. Tangazo la kiwanja husifu nyumba iliyo hatua chache kutoka kwenye maji. Wazee wa pale, ambao walijua kwa nini wanajenga juu ya mwamba, hawakuulizwa.

KANISA NALO LIJITAZAME

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukawalaumu madalali na matajiri. Lakini Tume ya Haki na Amani isiyothubutu kutazama sakristia yake haina haki ya kutazama ofisi ya mtu.

Kanisa la Flores limefanya mengi ya kusifiwa. Kampuni ilipotaka kuchimba dhahabu na shaba Lembata, miaka ya 2006 na iliyofuata, mapadre na watawa walisimama na wanakijiji, na mgodi haukuchimbwa. Mwaka 2025 maaskofu wa kanda ya Ende walitamka pamoja kupinga miradi ya nishati ya joto la ardhi katika visiwa vile, wakitetea mashamba, vyanzo vya maji na makazi ya watu. Walijua kwamba wangeitwa wapinga maendeleo, lakini walitamka.

Katika kisiwa hicho hicho, hata hivyo, pana Nangahale, pwani ya mashariki ya Maumere. Shamba la minazi lililoanzishwa wakati wa Wadachi lilinunuliwa na misioni mwaka 1926. Haki ya matumizi iliisha mwishoni mwa 2013; watu wa jumuiya za kimila, wanaosema kwamba ardhi ile ni ya babu zao, waliingia na kujenga. Baadaye sehemu kubwa ya shamba ilirudishwa kwa Serikali, na kampuni ya Jimbo ikapata haki mpya ya hekta mia tatu na zaidi. Mwezi Januari 2025 nyumba za waliokaa humo zilibomolewa. Upande wa Kanisa ulisema una hati halali, kwamba ulikwisha kutoa sehemu kubwa, na kwamba mapato ya shamba husaidia malezi na huduma. Hayo yote yaweza kuwa kweli. Lakini picha ya akina mama waliokaa juu ya vifusi vya nyumba zao, huku aliyeagiza kubomoa akiwa na msalaba ukutani, imezunguka dunia, nayo imetuumiza.

Sisi hatuketi katika kiti cha hakimu. Twasema neno moja tu: hati halali ni mwanzo wa hoja, si mwisho wake. Nabothi alikuwa na haki, na mfalme Ahabu alikuwa na mihuri na mashahidi. Twajua Maandiko yalisimama upande gani. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, chafundisha kwamba ardhi ni ya Mungu na sisi ni wapangaji wake, ndiyo maana kiliweka Yubilei ili aliyepoteza arudi kwake. Tangu Leo XIII mwaka 1891 Kanisa limetetea haki ya mtu kuwa na mali yake. Paulo VI mwaka 1967 alikumbusha kwamba haki hiyo si kamili wala haina masharti. Yohane Paulo II aliirudia hoja hiyo mwaka 1991, na mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa hati nzima juu ya mgawanyo bora wa ardhi. Hatuwezi kuwahubiria makampuni hati hizo na kuziacha mlangoni tunapoingia shambani mwetu.

RAI YETU

Basi, tunaona nini? Kwanza, ardhi ya kijiji cha mbali si rahisi. Huonekana rahisi kwa sababu barabara ni mbaya, zahanati iko mbali, na mwenyewe hana wakili. Bei ndogo ni kipimo cha yale aliyonyimwa mwuzaji. Anayeifurahia bei hiyo anafurahia unyonge wa mwenzake.

Pili, ufuko, njia na bahari viandikwe kwa jina la kijiji kabla ya kiwanja cha kwanza kuandikwa kwa jina la mtu. Indonesia ina njia ya kisheria ya kuitambua ardhi ya kimila. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba msitu wa kimila si msitu wa dola. Daftari ni jema, na ukurasa wake wa kwanza uwe wa wote.

Tatu, idhini ya kuuza isiwe ya mzee mmoja. Wanawake waulizwe, na vijana walio mbali waulizwe. Na tukumbuke kwamba zao kubwa la Lamalera si nyangumi bali ni watu. Kijiji kile cha mawe kimetoa mapadre, watawa na walimu wengi. Kilimtoa Gorys Keraf, mtaalamu wa lugha ambaye vitabu vyake vimesomeshwa Indonesia nzima. Waliosomeshwa kwa mafungu ya nyangumi wana deni kwa ufuko uliowalea.

Nne, mgeni asifukuzwe. Walamalera nao walikuwa wageni. Lakini aje kama walivyokuja wao: akae kwa idhini, atoe fungu kila mwaka, aache njia wazi, na ajue kwamba hakununua watu pamoja na mahali. Mkataba wa muda, unaolipa kijiji mwaka hadi mwaka, ni heri kuliko fedha nyingi za siku moja.

Ndugu wapendwa, msomaji wa Pwani yetu hahitaji tumwambie kwa nini tumeandika haya. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi ya kijiji chini ya uangalizi wa Halmashauri ya Kijiji inayowajibika kwa Mkutano Mkuu. Mkutano ule usipohudhuriwa, sheria nzuri hubaki karatasi. Mara ngapi wajumbe wetu wa Halmashauri ya Walei wameketi katika mkutano wa kijiji hadi agenda ya ardhi ikasomwa?

Siku nyangumi agawanywapo Lamalera, mjane hasimami mbali akingoja huruma. Fungu lake linajulikana. Ni haki yake. Kijiji chochote cha pwani, cha kwao au cha kwetu, chaweza kupimwa kwa swali hilo moja: baada ya viwanja vyote kuuzwa, je, mjane bado ana fungu, au amebaki na sadaka?

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni maeneo gani ya wote (njia, visima, ufuko, makaburi) ambayo hayajaandikwa popote? Nani aweza kuanza kuyaandikisha?

2. Ardhi ya mwisho kuuzwa katika kigango chetu iliuzwa kwa sababu ya shida gani? Je, Jumuiya ingeweza kusaidia kabla ya kuuzwa?

3. Wajane na mabinti wa Jumuiya yetu wana fungu gani katika ardhi ya familia? Tusome pamoja 1 Wafalme, sura ya 21.

4. Parokia yetu ina ardhi kiasi gani, inatumikaje, na majirani wanasemaje juu yake?